Maji ya Mwanangu

12 Januari

Kwa mpwa wangu, Profesa,

Barua yako nimeipata, nikaicheka, kisha nikaisoma tena bila kucheka. Eti shule yenu ina chumba kilichoandikwa "Maabara" mlangoni, na ndani mna madawati mabovu na magunia ya saruji. Na mwalimu wenu wa kemia anawachorea chupa ubaoni, nanyi mnanakili chupa. Ndivyo tulivyosoma sisi pia, na leo mimi ni Mkuu wa Maabara wa Idara nzima ya Maji. Kwa hiyo usikate tamaa, lakini pia usikubali kulishwa kemia ya chaki.

Maonyesho ya wanafunzi ni mwezi wa Juni, muda upo. Tutajenga maabara yetu kwenye meza ya jikoni ya mama yako. Akipiga kelele, mwambie ni amri ya mdogo wake. Halafu ukimbie.

Kwenye kifurushi utakuta tochi na pakiti ya shabu, yale mawe meupe ambayo kinyozi humpaka mtu akimkata na wembe. Shabu usiiguse kwanza. Vingine vyote unavyo: glasi tatu, chumvi, maziwa kidogo, boksi la viatu. Toboa boksi upande mmoja tundu la kupitisha mwanga wa tochi, na ubavuni ukate kidirisha cha kuchungulia.

Glasi ya kwanza, maji matupu ya bomba. Ya pili, maji yaleyale na kijiko cha chumvi, koroga mpaka chumvi isionekane. Ya tatu, maji na matone mawili ya maziwa. Ingiza moja moja ndani ya boksi, washa tochi, chungulia. Niambie ni glasi ipi ambayo mwanga unaacha njia ndani yake. Kisha ziache mpaka asubuhi uziangalie tena.

Sheria ni moja tu: andika ulichokiona. Si ulichotarajia, si alichosema mwalimu, hata nilichosema mimi pia usikiandike. Kila jaribio lina vichwa vinne: Lengo, Vifaa, Nilichokiona, Hitimisho. Simu tuiachie salamu. Sayansi huandikwa.

Msalimie Bibi. Mwambie mwanawe bado hajanenepa.

Mjomba wako

*

27 Januari

Mjomba, shikamoo.

Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana uko mbali.

Boksi nililotoboa lilikuwa la viatu vya mama vya kutokea. Alitoka kwenye cherehani yake na futi shingoni, akalitazama lile tundu, akasema nikishakuwa profesa kweli nimnunulie viatu vipya na boksi lake, na wewe nikununulie akili. Haya si yangu, ninafikisha tu.

Bibi naye alikuja. "Mnamchungulia nani humo?" Nikamwambia namchungulia mwanga. Akasema mwanga huonekana bila kuchunguliwa, ila kwa kuwa jambo limetoka kwa mwanawe, akavuta kigoda, akashika tochi, na hakumpa mtu tena mpaka jaribio lilipokwisha. Mkono unamtetemeka, kwa hiyo mwanga ulicheza kidogo. Naandika nilichokiona.

Lengo: Kujua mwanga unaacha njia kwenye glasi ipi.

Vifaa: Ulivyosema, pamoja na Bibi.

Nilichokiona: Kwenye maziwa kuna njia nene, nyeupe, kama jua likiingia chumba chenye vumbi. Kwenye maji matupu kuna njia pia, nyembamba, inaelekea kwenye ukahawia. Kwenye maji ya chumvi vilevile. Asubuhi, maziwa na maji matupu hayakubadilika. Ila ile ya chumvi njia ilikuwa imefifia sana, na chini ya glasi kulikuwa na utando wa kahawia, laini kama poda ya uso.

Hitimisho: Mwanga unaacha njia kwenye glasi zote tatu. Kwa hiyo jaribio lako, Mjomba, sijui linafundisha nini.

Bibi hajambo. Juzi yule mama muuza mkaa alilalamika kwamba siku hizi maji ya bomba yana ladha ya udongo. Weee! Bibi alimgeukia, "Basi kachote mtoni. Haya ni maji ya mwanangu." Muuza mkaa akaomba radhi kana kwamba amekukanyaga wewe mwenyewe.

Mpwa wako,
Profesa

*

6 Februari

Profesa,

Osha glasi, mwanangu! Osha glasi! Sayansi huanzia kwenye beseni la vyombo.

Sasa nikufungulie fumbo. Chumvi ikiyeyuka, inamegeka vipande vidogo kiasi kwamba mwanga unapita bila kugusa kitu. Hakuna njia. Maziwa hayayeyuki. Yamejaa punje ndogo mno, ndogo kiasi cha kutozama na kubwa kiasi cha kugongwa na mwanga. Mchanganyiko wa namna hiyo tunauita koloidi. Kwa hiyo ilitakiwa uone njia kwenye glasi moja tu. Hizo nyingine mbili ulizoziona ni mafuta ya vidole vyako, na ule utando ni takataka za chumvi ya bei poa.

Na shabu je? Shabu nayo ni chumvi, ila ya aina yake. Maji ya mto yakiingia kwenye mitambo yetu yana udongo mwembamba usiozama hata ukiungoja mwezi. Ni koloidi. Tunatia shabu, zile punje zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Ndiyo kazi yangu yote niliyoifanya hapo mjini kwenu kabla ya kupandishwa cheo. Watu hudhani tunasafisha maji ili yapendeze. La hasha. Vijidudu hujificha kwenye zile punje, na usipoziondoa, hata dawa ya kuulia vijidudu haiwafikii. Unawatilia dawa, wao wamejifunika blanketi.

Jaribio la pili: chukua maji ya tope, tia punje ya shabu iliyosagwa, koroga taratibu, ngoja. Utafurahi.

Mwambie mama yako akili ninazo, ananiona mdogo tu kwa sababu alinibeba mgongoni.

Mjomba wako

*

21 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimeudhika kidogo, kisha nimefurahi sana, kwa hiyo isome barua hii mpaka mwisho.

Glasi nimeziosha kwa sabuni na maji ya moto, nikazifuta kwa kitambaa kipya alichonikatia mama. Mama mwenyewe amezinusa. Nikarudia. Njia iko palepale. Utando uko palepale.

Nikakaa nikafikiri. Kama ni glasi, basi glasi zilete taabu kwa maji yoyote. Kama ni chumvi, vivyo hivyo. Siku ya Jumapili mvua ikanyesha. Niliweka kigoda katikati ya uwanja, mbali na paa, juu yake sufuria. Bibi akanipigia kelele kwamba nitaota mizizi. Nikapata maji ya kutosha.

Nilichokiona: Maji ya mvua matupu, kwenye glasi zilezile, giza. Mwanga unaingia huku unatokea kule, katikati hakuna kitu. Maji ya mvua na chumvi ileile, giza. Asubuhi hakuna utando. Mjomba, ndivyo ulivyosema inavyotakiwa kuwa! Halafu nikachukua maji ya bomba, nikatia shabu. Baada ya muda zikatokea nyuzinyuzi kama pamba iliyochanuliwa, zikawa zinashuka. Asubuhi chini kuna tope la kahawia, na juu maji hayana njia ya mwanga hata kidogo.

Hitimisho: Si glasi. Si chumvi. Koloidi imo kwenye maji ya bomba letu.

Nilipiga kelele mpaka mama akajichoma sindano. Lakini kuna kitu sikielewi. Umesema shabu hutiwa kule kwenye mitambo. Mbona basi shabu yangu imepata kazi ya kufanya? Ni sawa na kumpelekea dobi nguo aliyokwisha kuifua, akiitia majini inatoa uchafu. Huko mitamboni hamtii shabu siku hizi?

Hili ndilo litakuwa jaribio langu la maonyesho. Nitaliita "Maji Tunayokunywa". Nitaweka boksi, na kila mtu atachungulia mwenyewe.

Na kwa vile umesema vijidudu hujificha humo, nimemwambia Bibi tuwe tunachemsha. Amenitazama kama niliyemtusi mtu hadharani. Mimi na mama tumeanza kuchemsha ya kwetu, yeye anachota ya kwake bombani, na anahakikisha tunamwona.

Mpwa wako,
Profesa

*

2 Aprili

Kwa Profesa,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi za makao makuu hazifanani na za mitamboni. Huku mtu anafanya kazi ya vikao.

Nimeyasoma majaribio yako. Ni mazuri kwa kiasi chake. Lakini elewa kwamba ubora wa maji hupimwa kwa mashine zenye viwango, na wataalamu waliosomea. Tochi na boksi la viatu ni vitu vya kujifunzia. Njia ya mwanga inaweza kutokana na kutu ya mabomba ya zamani, au viputo vya hewa, au mambo mengine ambayo kwa umri wako hayajakufikia.

Kuhusu maonyesho, nakushauri utumie maji ya mvua kwa glasi zote. Matokeo yatakuwa safi, kama vitabu vinavyosema, na majaji hupenda hivyo. Kichwa cha "Maji Tunayokunywa" kiache. Andika "Koloidi na Chumvi". Mgeni rasmi safari hii atatoka idarani kwetu, na wanajua wewe ni mpwa wangu. Usije ukamwaga mtama penye kuku wengi. Kuna mambo ambayo mtu wa cheo changu akisemewa na mtoto wa dada yake, yeye ndiye anayeulizwa.

Bibi asinywe ya bombani. Si kwa sababu ya maji, ni kwa sababu ya umri wake. Nimetuma maboksi ya maji ya chupa kwa gari la idara. Yatafika wiki hii, na mengine yatafuata.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Tutalizungumza siku moja ukiwa mkubwa.

Mjomba wako

*

20 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Anayeandika ni mjukuu, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze wala asiongeze.

Maboksi yamefika. Gari lilisimama mlangoni kabisa, limeandikwa jina la idara ubavuni, na dereva akateremka akaniamkia kwa heshima. Mtaa mzima ulitoka. Muuza mkaa alijifanya anafagia kwake ili aone vizuri. Mungu akuzidishie.

Chupa nimezipanga kabatini kwenye kioo. Mgeni akija namkaribisha kwa chupa moja, nampa aifungue mwenyewe asikie inavyolia. Mke wa mchungaji alikunywa mbili. Mimi sizigusi. Ninywe maji ya dukani nina nini? Mwanangu mwenyewe ndiye mwenye maji ya mji huu, nimemlea kwa mikono hii, halafu nikinywa nayatilia shaka?

Na hili la kuchemsha, mkanye mama wa mtoto huyu. Amegeuza jiko langu hospitali. Majirani wanaona moshi wa maji kila asubuhi, watasemaje? Watasema hata mama yake hamwamini. Niliwaambia wazi: siku mwanangu akiniambia nichemshe, nitachemsha. Si dada yake, si mpwawe. Yeye.

Kula vizuri. Vikao havishibishi.

Mama yako

*Mjomba, hapa chini ni mimi. Nimemwambia Bibi naandika salamu.*

*Si mzima kama anavyojitia. Wiki iliyopita tumbo lilimsumbua siku kadhaa, akasema ni maharage. Maharage hatukula.*

*Jaribio la maonyesho nitafanya kama ulivyotaka. Maji ya mvua nimeshayakinga, yako kwenye madumu. Sitauliza tena habari za mitambo. Lakini nakuomba kitu kimoja, na sitakuomba kingine. Mwandikie barua yenye maneno matatu: Mama, chemsha maji. Umemsikia mwenyewe. Akiona mwandiko wako atachemsha siku hiyohiyo, hata jiwe atalichemsha. Usimweleze sababu. Maneno matatu tu, Mjomba.*

*Profesa*

*

9 Mei

Kwa Profesa,

Nimefurahi kusikia Bibi ameyapenda maji ya chupa. Msihini anywe yeye, wageni wana makwao.

Ombi lako nimelitafakari, na nakuandikia kama mtu mzima mwenzangu. Unamjua Bibi. Barua yangu yoyote ikifika, kabla ya jua kuzama imeshasomwa nyumba zote za mtaa huo. Sasa fikiria barua yenye sahihi ya Mkuu wa Maabara, inamwambia mama yake achemshe maji. Kesho yake mji mzima unachemsha, keshokutwa waandishi wa habari wako mlangoni kwangu, na taarifa ya ubora wa maji ya mji huo nimeitia sahihi mimi mwenyewe mwezi wa Desemba. Maneno uliyoniomba ni matatu, lakini nyuma yake kuna kazi yangu, nyumba yangu, na ada za watoto wangu. Wewe bado ni mdogo, unaona maneno tu.

Nitakuja mwezi wa Juni, nitakapompeleka mgeni rasmi kwenye maonyesho. Simu yangu huiwasha kwa sauti ya juu mtaa usikie, kwa hiyo nitaketi naye chumbani, nimwambie kwa mdomo. La mdomo halibandikwi ukutani. Muda si mrefu.

Barua hii ukishaisoma, ichane.

Mjomba wako

*

11 Juni

Mdogo wangu,

Simu yako ya ofisini inapokewa na msichana anayesema uko kikaoni. Ya mkononi haipokewi na mtu. Nimeamua kuandika, labda barua huruhusiwa kuingia kikaoni. Nimempa dereva wa basi, nimemwambia asikuachie mlangoni, akukabidhi mkononi.

Mama yuko hospitali tangu Jumamosi. Ni homa ya matumbo. Ilianza kama homa ya kawaida, akaificha, unamjua. Akawa anaamka kabla yetu ili tusione anavyoshika ukuta. Mpaka alipoanguka bombani, ndoo mkononi.

Daktari alimuuliza, "Bibi, maji ya kunywa unayatoa wapi?" Akamjibu kwa sauti, wodi nzima ikasikia, "Nakunywa maji ya mwanangu." Daktari akadhani anaweweseka kwa homa. Hakuweweseka.

Fundi wa bomba, yule mzee uliyefanya naye kazi hapa, alikuja kumjulia hali. Tulipokuwa tunatoka akaniambia ghala la shabu pale mitamboni halijafunguliwa tangu ulipohama. Anasema sasa wanakaa popo tu. Anasema alikupigia simu mara nyingi, ukamwambia uko kikaoni. Nilimwambia afunge mdomo, siyo kwa sababu simwamini. Nilikuwa naona aibu mbele ya wauguzi.

Mtoto amepata zawadi ya kwanza jana. Mgeni rasmi alikuja, wewe hukuja, alituambia una udhuru. Aliinyanyua glasi ya mtoto juu, yale maji ya mvua, akawaambia watu, "Tazameni! Hivi ndivyo maji yetu yalivyo." Wakapiga makofi. Mwanangu alisimama pale jukwaani kama mtu aliyepewa jukumu la kushika nguo za mwenzake. Tulitoka tukaenda moja kwa moja wodini, cheti kikakaa chini ya mto wa mama. Amefurahi. Amesema damu yako hiyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Usingoje kilio. Njoo umwambie anywe maji yaliyochemshwa, maana hata hapa kitandani anakataa ya kwetu, anasubiri ruhusa yako.

Dada yako

*

3 Julai

Kwa Profesa,

Nimerudi salama. Nyumba yangu imekuwa kubwa ghafla, hata sijui kwa nini, maana Bibi hakuwahi kuishi humu.

Sijapata nafasi ya kuzungumza nawe siku zile za msiba. Watu walikuwa wengi, na mama yako alinipita kama nguzo. Namwelewa. Uchungu hutafuta mtu wa kumshika shati. Lakini wewe ni mtu wa sayansi, na nataka tutazame jambo hili kwa utulivu. Bibi alikuwa mtu mzima sana. Homa ya matumbo ina njia nyingi za kumfikia mtu: mboga isiyooshwa, mikono, nzi. Hakuna anayeweza kuinua kidole akasema ni hii. Na siku zake, kama siku za kila mtu, zilikwisha kupangwa. Mimi nilitaka kufika mapema. Mungu ni shahidi. Mambo yalinifunga.

Nimeongea na mke wangu. Tunataka uje ukae kwetu, usome huku. Kuna shule yenye maabara ya kweli, kila mwanafunzi na meza yake, mizani, darubini, dawa kwenye chupa zenye lebo. Ada juu yangu mpaka chuo kikuu. Naamini Bibi angetaka hivyo. Yale majaribio ya jikoni yalikuwa mwanzo tu. Usiache kipaji chako kioze kwa sababu ya huzuni.

Nijibu haraka, nafasi zinajaa.

Mjomba wako anayekupenda

*

15 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nimekuandikia kwa vichwa vinne, ulivyonifundisha.

Lengo: Kujua kama Mjomba alikuwa anajua.

Barua yako ya Mei sikuichana, na mama ameisoma. Lakini barua ni maneno, na mtu anaweza kusema alikuwa anaogopa waandishi wa habari tu, maji yenyewe akiamini ni mazima. Nilitaka kukupa nafasi hiyo. Nilitamani sana uipate.

Vifaa: Glasi moja iliyooshwa kwa sabuni na maji ya moto. Maji ya bomba. Dirisha la jikoni. Mjomba mmoja.

Siku ya maziko maji ya wageni tuliyachemsha, masufuria matatu. Yako niliyachota bombani, makusudi, nikakuletea mwenyewe jikoni ulipokuwa umejitenga na watu. Ningekuzuia kabla hayajafika mdomoni. Nafikiri ningekuzuia.

Nilichokiona: Uliipokea kwa mikono miwili ukasema ahsante mwanangu. Macho yalikuwa mekundu. Ulikuwa umelia kuanzia makaburini, na yalikuwa machozi ya kweli. Hilo nalo nililiona, kwa hiyo naliandika. Ulikuwa na kiu, ulilamba midomo. Uliinyanyua glasi. Kabla ya kunywa ukaielekeza dirishani, ukafumba jicho moja, ukaitazama dhidi ya mwanga. Ukakaa hivyo kidogo. Halafu ukaishusha, ukaiweka taratibu nyuma ya birika pale ambapo mtu hawezi kuiona. Ukaenda kwenye kabati la Bibi, ukafungua kioo, ukatoa chupa moja katika zile ulizomtumia. Ukaifungua, ikalia. Ukainywa mpaka chini.

Zilikuwa zimebaki nne. Alikuwa anawawekea wageni.

Hitimisho: Asiyejua hunywa.

Bibi alikuwa na homa kali siku ya mwisho, na midomo imepasuka. Mama alimletea maji yaliyochemshwa kwenye kijiko. Akauliza, "Amesema?" Mama akamwambia ndiyo, amesema, amepiga simu sasa hivi, amesema unywe. Bibi akanywa yote, akaomba mengine. Umeona ilivyokuwa rahisi? Mama yangu hajawahi kusema uongo mbele ya mama yake, na alipousema, ulikuwa umechelewa. Mimi sijui nitakusamehe lini. Najua unataka niseme nitakusamehe. Naandika ninachokiona, na hilo silioni.

Kwenu sitakuja. Hiyo shule yenye mizani na darubini mpeleke mwingine. Kwenye kifurushi hiki utakuta cheti changu cha zawadi ya kwanza. Maji yaliyokishindia hayakuwa yetu, kwa hiyo na cheti si chetu. Kinafaa ukutani kwako, karibu na hivyo vyeti vyako vingine.

Tochi nimebaki nayo. Boksi la viatu liko kibarazani, juu ya kigoda cha Bibi, na pembeni kuna glasi mbili, ya mvua na ya bomba. Watu wanakuja, wanachungulia, wanarudi kwao kuwasha moto. Fundi wa bomba ndiye anayewashikia tochi mimi nikiwa shuleni. Ukutani juu ya boksi nimeandika kwa mkaa yale maneno matatu, herufi kubwa: MAMA, CHEMSHA MAJI.

Muuza mkaa ndiye aliyenipa kipande cha kuandikia. Alisimama akayasoma polepole, kisha akaniuliza kama nilijua tangu Februari kwa nini sikuyaandika wakati ule, Bibi yangu akiwa hai.

Nikamwambia nilikuwa nangojea mwandiko wako.

Mtoto wa dada yako